Leica M6 mpya: ikague kabla muda wa kuirudisha haujapita

Leica ya Ujerumani iliirudisha M6, kamera yake ya filamu, sokoni Oktoba 2022, miaka 20 baada ya toleo la zamani, lililoanza 1984, kusimama. Marekani ilitoka kwa dola 5,295, mwili mtupu, lenzi ununue mwenyewe. Ni kamera bora. Sehemu yake ya juu ni ya shaba ya njano, si ya zinki kama M6 ya kwanza, ambayo kwa baadhi ya kamera ilikuja kufura malengelenge chini ya rangi. Dirisha la kutazamia limechukuliwa kutoka kwenye MP, kamera nyingine ya filamu ya Leica, na halipatwi sana na ule mng'ao uliokuwa ukifuta kimraba cha fokasi jua likiwa mbele. Shata, mlango unaofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu, ni ya mapazia ya kitambaa, kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000, na inafanya kazi hata bila betri. Anayetaka kamera mpya ya filamu ya kumtumikia miaka mingi hajakosea kuichagua.

Lakini bei haikagui kamera. M6 huunganishwa na kurekebishwa kwa mikono kule Wetzlar, Ujerumani, kisha hufungwa kwenye boksi na kupita katika maghala, ndege na pikipiki za wapeleka vifurushi. Kilichokuwa sawa kwenye meza ya fundi kinaweza kufika kimesogea. Kamera ya dijitali ikiwa na kasoro utaiona jioni ileile kwenye skrini. Kamera ya filamu hunyamaza mpaka mkanda usafishwe, na watu wengi husafisha mkanda wa kwanza baada ya miezi, muda wa kurudisha bidhaa ukiwa umeshapita.

Kwa hiyo anza na kalenda. Ukinunua mtandaoni ndani ya Umoja wa Ulaya una siku 14 za kurudisha tangu upokee mzigo, hata bila kutoa sababu. Uingereza, bidhaa yenye kasoro unaweza kuikataa ndani ya siku 30 na kurudishiwa fedha yako yote. Sehemu nyingine fuata masharti ya duka, uyasome kabla ya kulipa. Wanaonunuliwa kamera na ndugu aliyeko London, Hamburg au Dubai, kisha wakaisubiri aje nayo likizo, ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu siku zote za kurudisha huishia kabatini kwa ndugu. Mwombe afungue boksi huko huko, afanye majaribio yasiyohitaji filamu na apige mkanda mmoja. Ni kazi ya wikendi moja.

Ukaguzi wa nje usikuchukulie muda mrefu. Namba ya kamera ilingane na iliyo kwenye boksi na kwenye kadi ya waranti. Tazama kiatu cha flashi, tundu la skrubu ya stendi na bamba la ndani linalokandamiza filamu: mikwaruzo kwenye sehemu hizo tatu inaonyesha kamera ilikuwa ya maonyesho dukani au imerudishwa na mnunuzi mwingine. Kifuniko cha chini kifunge bila kulazimishwa na kisicheze. Pitisha kidole kwenye kingo za ngozi ya mwili uone kama kuna mahali inabanduka. Mulika ndani kwa tochi utafute vumbi la chuma au nyuzi, maana chembe moja kwenye reli za filamu inatosha kuchora mstari kwenye mkanda mzima.

Sasa renjifainda, kifaa cha kupimia umbali na kulengea fokasi, sehemu ambayo mtu akiwa na muda wa jaribio moja tu ningemwambia aanze nayo. Ni mfumo wa vioo na mkono wenye kirola kidogo kinachogusa kamu ya lenzi (ukingo wa nyuma unaokisukuma lenzi ikizungushwa), na kosa dogo kabisa la kirola hicho linageuka kuwa macho yasiyo makali kwenye picha ya uso. Umbali kati ya madirisha mawili ni milimita 69.25. Ukizidisha kwa ukuzaji wa 0.72 unabaki na karibu milimita 50 za kufanyia kazi. Zinatosha kwa lenzi ya 50 mm f/1.4 (f ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ndogo, tundu kubwa), mradi kila kitu kiwe mahali pake.

Anza na wima. Elekeza kamera kwenye ukingo wa paa au waya wa umeme ulio mbali. Ndani ya kimraba cha kati, picha mbili ziungane zikiwa usawa mmoja. Moja ikikaa juu ya nyingine, renjifainda imesogea kwa wima. Kosa hili haliharibu fokasi moja kwa moja, ila linachosha jicho na kufanya makadirio yawe ya kubahatisha. Kwenye M6 za zamani skrubu ya kurekebishia imefichwa nyuma ya nukta nyekundu ya mbele, na mafundi wa mitaani wanajua kuibandua. Kwenye kamera yenye waranti usiiguse. Alama yoyote ya bisibisi inampa muuzaji sababu ya kukukatalia.

Kisha mbali kabisa. Zungusha lenzi mpaka igote kwenye alama ya mwisho na utazame mnara wa simu ulio zaidi ya kilomita moja, au mwezi usiku. Picha mbili zinapaswa kulaliana sawasawa pale pale lenzi inapogota. Zikiwa bado hazijakutana, au zikiwa zimepitana, kuna kosa. Usitumie jengo la mtaa wa pili, kwani mita 100 si mbali kwa lenzi ya 90 mm.

Kosa la karibu halionekani kwa macho, linahitaji filamu. Weka rula mezani, kamera kwenye stendi ikiitazama kwa mshazari wa nyuzi 45, lenga mstari mmoja uliouwekea alama na upige tundu la lenzi likiwa wazi kabisa. Kwa lenzi ya 50 mm kwenye f/2, eneo lililo kali kwa mita 1 ni kama sentimita 4.5 tu kwa jumla, na kwa mita 0.7, ambapo renjifainda ya M inaishia, ni kama sentimita 2. Alama yako iwe ndani ya eneo hilo, na isikae ukingoni. Rudia fremu tatu kwa kila umbali, ukiharibu fokasi na kulenga upya kila mara, ili kosa la mkono wako lisihesabiwe kuwa la kamera.

Jaribio hili halina maana ukitumia lenzi moja. Lenzi mbili zikikosea kwa upande uleule, mwili ndio wenye tatizo. Ikikosea moja, lenzi ndiyo ya kurudishwa. Jihadhari pia na lenzi za skrubu zinazofungwa kwa adapta: adapta sahihi ina unene wa milimita 1 kamili, kwa sababu lenzi za skrubu hukaa milimita 28.80 kutoka kwenye filamu na za M 27.80, na adapta za bei ya chini hukosea hapo. Usihukumu mwili wa kamera kwa lenzi ya namna hiyo.

Mistari ya fremu, ile inayoonyesha mipaka ya picha ndani ya dirisha, hukaguliwa kwa dakika moja. Sukuma kile kimkono kilicho mbele, pembeni ya lenzi: itokee mistari ya lenzi ya 28 mm pamoja na 90, kisha 50 na 75, kisha 35 na 135, bila kukwama na bila mstari kulala upande.

Tukija kwenye shata, mengi yanajulikana kabla ya kupoteza filamu. Ondoa kifuniko cha chini, fungua mlango wa nyuma, toa lenzi, na usiguse mapazia kwa kidole hata mara moja. Kwenye chumba chenye giza weka tochi ya simu mbele ya tundu la lenzi na utazame kitambaa kwa nyuma, ukisogeza mwanga pole pole. Fanya hivyo kamera ikiwa imekokiwa, yaani mkono wa kuvuta filamu umeshavutwa, halafu ifyatue na urudie. Lazima iwe mara mbili kwa sababu ikikokiwa unaona pazia la kwanza, na ikishafyatuka unaona la pili. Nukta yoyote ya mwanga, hata iwe ndogo kama ncha ya sindano, ni tundu. Ukiikuta siku ya kwanza ni kasoro ya kiwanda au ya duka. Ukiikuta baada ya miezi, huenda ni jua: lenzi iliyoachwa ikitazama jua la mchana hukusanya joto kwenye kitambaa na kukichoma, na kwa jua la kwetu haichukui muda. Weka kifuniko cha lenzi kila unapotembea.

Kasi za polepole hupimwa kwa simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde. Elekeza kamera kwenye dirisha lenye mwanga mwingi, weka simu nyuma yake, fyatua, kisha hesabu picha ambazo mlango wa filamu uko wazi: sekunde 1 ni picha 240, 1/2 ni 120, 1/4 ni 60, 1/8 ni 30, 1/15 ni 16, na 1/30 ni 8. Tofauti ya theluthi moja ya hatua (hatua moja ni mwanga mara mbili au nusu yake) haina madhara, kwa hiyo sekunde 1 ikitoa kati ya 190 na 300 iko salama. Kinachotia shaka ni kasi moja kuwa mbali na wenzake, au kasi ileile kutoa majibu tofauti ukirudia. Mlio wa gia unaousikia kwenye kasi hizi ni wa kawaida. Ukikatika katikati na pazia likabaki wazi, kamera irudi dukani.

Kuanzia 1/60 simu haitoshi. Ukiwa na flashi, iweke kwenye kiatu, mlango wa nyuma ukiwa wazi, na utazame kupitia kamera kwenye ukuta mweupe. Kwenye 1/50, iliyowekewa alama ya radi, uone mstatili mzima umewaka. Kwenye 1/125 uone sehemu tu. Mstatili ukikatwa kwenye 1/50, mapazia au muunganisho wa flashi una kosa.

Kwa 1/500 na 1/1000, kifaa bora ambacho bado kiko kwenye baadhi ya nyumba za Afrika Mashariki ni tivi ya kichogo. Washa tivi, hata kama inapokea kupitia king'amuzi, uweke picha yenye mwanga. Shika kamera bila lenzi mbele ya kioo chake, mlango wa nyuma ukiwa wazi, na utazame kwa jicho lako, si kwa simu. Ukifyatua utaona ukanda wa mwanga uliolala kimshazari. Kwenye kasi hizi shata haifunguki yote kwa pamoja. Mapazia mawili hukimbizana yakiacha mwanya, na kwenye 1/1000 mwanya huo ni kama milimita 2 tu. Tivi nayo huchora picha yake mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini. Mbio hizo mbili zikikutana, ndipo ukanda unapolala. Kingo zake zikienda sambamba kutoka mwanzo hadi mwisho, mapazia yanakwenda pamoja. Ukiwa mpana upande mmoja na kusinyaa upande wa pili, pazia moja linamfikia mwenzake, na picha zako za 1/1000 zitakuwa na upande wenye giza. Fyatua mara kumi au zaidi, kwa sababu kosa hili hupenda kujitokeza na kupotea.

Kipima mwanga hakina mengi. Tumia betri mbili za SR44 au moja ya CR1/3N, na uepuke LR44 kwa sababu nguvu yake hushuka taratibu na kukupa majibu ya kuyumba. Kumbuka kipimo husoma mwanga unaorudi kutoka kwenye doa jeupe la pazia la kwanza, lenye kipenyo cha milimita 12, kwa hiyo hakiwaki kama kamera haijakokiwa, na kwenye B (shata ikibaki wazi muda wote unaobonyeza) hakiwaki pia. Weka ISO (kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga) 100 nyuma ya kamera, 1/125 na f/16, uelekeze kwenye majani yaliyopigwa na jua la saa nne asubuhi: ndani ya dirisha la kutazamia nukta ya mwanga sahihi iwake, au nukta na mshale mmoja. Kisha zungusha ISO hadi 200 na upandishe kasi hadi 1/250. Jibu libaki lilelile. Jibu likiruka unapogusa kizungushio, migusano yake ya ndani ni mibovu.

Baada ya hapo pakia filamu. Mkanda mmoja wa fremu 36, mweusi na mweupe, wa ISO 100, kama Kentmere 100. Huu unaweza kuusafisha nyumbani, ila maji ya bomba ya Dar es Salaam na Mombasa ni ya moto kuliko nyuzi 20 zinazotakiwa, basi kalisha chupa za dawa kwenye beseni la maji ya barafu kwanza. Filamu isiwe iliyopitishwa kwenye mashine mpya za eksirei za CT za viwanja vya ndege. Mashine hizo huivisha filamu ukungu, na utaishia kuilaumu kamera.

Tafuta ukuta mweupe usio na madoa, uliopigwa na jua sawasawa. Weka fokasi ya mbali kabisa ili chembechembe za rangi zipotee, na upige fremu nne za 1/1000 kwa f/5.6. Usipige hizi kwa f/2, kwani lenzi nyingi hufifisha pembe zote nne zikiwa wazi kabisa na utachanganya mambo. Kisha hamia ukuta ulio kivulini, upige mfululizo wenye mwanga sawa: 1/1000 f/2, 1/500 f/2.8, 1/250 f/4, 1/125 f/5.6, 1/60 f/8, 1/30 f/11, 1/15 f/16. Kama kivuli ni cha mwanga tofauti, sogeza tundu la lenzi kwa hatua zilezile. Fremu hizi saba zikitoka na weusi uleule katikati ya negativu, shata na lenzi vyote viko sawa. Fremu za rula zifuate. Halafu weka kifuniko cha lenzi, koki, iache kamera juani kwa dakika kumi ukiigeuza pande zote, na ufyatue ikiwa bado imefunikwa. Badilisha lenzi juani mara moja. Zilizobaki piga picha za kawaida.

Ukipeleka mkanda kusafishwa, mwambie fundi asiukate na usitegemee skani. Skana husawazisha mwanga wa kila fremu yenyewe, na kasoro uliyokuwa ukiitafuta inafutwa kabla hujaiona. Tandaza negativu juu ya skrini ya simu iliyo nyeupe na usome humo.

Angalia kwanza nafasi kati ya fremu. Hii ndiyo mizani ya mambo yote. Kosa la shata huishia kwenye ukingo wa fremu, na nafasi hubaki angavu. Doa jeusi linalovuka nafasi hadi kwenye matundu ya pembeni ni mwanga ulioingia kupitia mlango, kifuniko cha chini au bayoneti, pale lenzi inapofungwa. Mistari inayoanzia kwenye matundu kwa mpangilio uleule ni ya usafishaji, dawa ilitikiswa kupita kiasi, na kamera haihusiki. Ukungu uliotanda mkanda mzima, mwanzo hadi mwisho, ni wa joto, filamu iliyokwisha muda, au CT.

Pima pia urefu. Kutoka mwanzo wa fremu moja hadi mwanzo wa inayofuata iwe karibu milimita 38, yaani matundu nane, picha ikichukua 36 na nafasi 2. Nafasi zikipishana kidogo hakuna neno. Fremu zikigusana au kupandana, mfumo wa kuvuta filamu una hitilafu. Hakikisha tu kwamba kizungushio cha kurudishia filamu kilikuwa kinazunguka kila ulipokoki, kama dalili kwamba mkanda ulikuwa umeshikwa vizuri.

Mkwaruzo ulionyooka kupita fremu na nafasi unahitaji kujua uko upande gani. Inamisha negativu kwenye mwanga. Ukiwa upande unaong'aa, tafuta chembe kwenye bamba linalokandamiza. Ukiwa upande uliofifia, ni reli za kamera au mdomo wa kasha la filamu, na mkanda wa pili wa chapa nyingine utaamua.

Yapo mambo yanayowatisha wanunuzi bure. Picha huwa na mambo mengi zaidi ya yaliyokuwa ndani ya mistari, hasa kwa vitu vya mbali, kwa sababu mistari imepimwa kwa umbali wa karibu. Kihesabio kinarudi mwanzo ukiondoa kifuniko cha chini, ndivyo kilivyoundwa. Chembe moja ya vumbi ndani ya dirisha la kutazamia haifiki kwenye filamu. Mkono wa kukoki ulio mzito kidogo siku za kwanza hulainika. Mkono unaokwaruza au kugota katikati, huo usiuvumilie.

Ukikuta kasoro, usiandike "kamera haifanyi vizuri". Andika jaribio, kasi, tundu la lenzi, namba ya fremu na lenzi zote mbili ulizotumia. Ambatisha picha ya negativu ikiwa na nafasi na matundu yake, na video ya shata kama unayo. Omba kubadilishiwa ukiwa bado ndani ya siku za kurudisha, kwani kamera ikienda matengenezo inaweza kukaa huko muda mrefu. Na ikibidi itengenezwe, ikirudi anza upya na wima, mbali kabisa na rula, kwa sababu imesafiri tena kwenye kifurushi kilekile.